Mpango wa dharura kwa mtoto mchanga mwenye ugonjwa mzito: uamuzi wa usiku ufanywe mchana

Siku ya kuruhusiwa, wodi ya watoto wachanga huwa na shangwe yake. Shuka zinakunjwa, flaski inafungwa ndani ya leso, bibi kaja na gari la kukodi. Hakuna anayetaka kusikia habari za dharura siku hiyo. Lakini mtoto aliyewekewa mpira wa kupunguza maji kichwani, au mwenye tundu kwenye moyo, au aliyezaliwa wiki ya 29, hajapona kwa sababu ameruhusiwa. Zamu ndiyo iliyohama. Nesi wa usiku sasa ni mama, mama akienda sokoni ni shangazi, na shangazi akitoka ni binti wa miaka 16 aliyeletwa kusaidia kazi.

Mimi ni nesi wa watoto wachanga huku mashariki mwa Uganda. Nawaandikia familia za Malaba, Busia, Tororo na Mbale zinazoongea Kiswahili nyumbani, na ndugu zetu wa Kongo walioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali wanaokutana na shida ileile. Umbali wa hospitali unatusumbua, ndiyo, lakini kinachoniuma zaidi ni zile saa mbili tatu za mwanzo zinazoliwa na mashauriano: tumpigie baba yake, tungoje kupambazuke, nani ana pesa, tujaribu kwanza dawa ya duka. Mpango mzuri unayamaliza mashauriano hayo mapema, mchana, mtoto akiwa amelala salama.

Hatua ya 1: Msitoke wodini bila majibu

Muulizeni daktari au nesi anayewaruhusu, kwa maneno haya haya: "Ni kitu gani kinaweza kumuua mtoto huyu haraka, na kitaanza na dalili gani?" Swali ni kali, na wapo wakwe watakaosema mnamtabiria mtoto mabaya. Ulizeni hivyo hivyo. Mpango wote utajengwa juu ya jibu hilo, maana kila ugonjwa una mlango wake wa kuingilia.

Kisha kila kazi mtakayotakiwa kuifanya nyumbani, ifanyeni kwanza kwa mikono yenu mbele ya nesi: kulisha kwa mpira wa puani, kuvuta makohozi kwa kifaa, kufungua mtungi wa oksijeni, kumpulizia hewa mdoli wa mafunzo. Kutazama nesi akifanya ni bure. Mikono haijifunzi kwa macho. Na wajifunze watu wawili, asiwe mama peke yake. Kama mmeruhusiwa Ijumaa jioni na hakuna aliyewafundisha, ombeni mlale wodini hadi mtu wa kuwafundisha apatikane. Hakuna aibu katika hilo.

Kabla ya kuondoka mwe na namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku, tarehe ya kurudi, na dawa za kutosha zaidi ya tarehe hiyo, angalau wiki moja ya ziada. Dawa za degedege kama fenobabitoni huisha ghafla kwenye vituo, na kuikatiza ghafla kunaweza kuirudisha degedege kwa nguvu.

Hatua ya 2: Karatasi moja

Marekani, chama cha madaktari wa watoto kwa kushirikiana na cha madaktari wa dharura kilitoa mwaka 1999 fomu maalumu ya watoto wenye mahitaji ya pekee ya kiafya, na mwaka 2010 maelezo yake yakapitiwa upya. Wazo lake ni jepesi: daktari ambaye hajawahi kumwona mtoto huyu asome kwa dakika moja, aanze kazi. Sisi hatuhitaji fomu iliyochapishwa. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, mradi uandikwe na mtu wa hospitali, uwe na muhuri na tarehe.

Iandikwe kwa Kiingereza. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa Kiswahili: zamu ya usiku Mbale au Kampala utakuta daktari anayeongea Lugisu, Luganda au Ateso, na Kiswahili chake ni cha salamu tu. Maandishi yote ya hospitali zetu ni Kiingereza. Ninyi mkae na nakala ya Kiswahili inayosema mambo yaleyale, ili shangazi ajue anachokabidhi.

Ndani yake kuwe na haya: jina na tarehe ya kuzaliwa, na kama alizaliwa kabla ya wakati, wiki ngapi, ugonjwa, upasuaji aliofanyiwa, lini na wapi, hali yake ya kawaida akiwa mzima, dawa na vipimo, vitu asivyopaswa kupewa, nini kifanyike kwanza akizidiwa, simu ya daktari au wodi inayomjua. Pale kwenye hali ya kawaida ndipo watu hupaacha wazi, na ndipo panapookoa. Mtoto mwenye ugonjwa fulani wa moyo anaweza kuwa na oksijeni ya asilimia 80 mwilini na akawa yuko sawa kwa hali yake. Daktari mgeni akiona 80 bila maelezo atashtuka na kumtibu kitu kingine. Kinyume chake pia: mtoto ambaye kichwa chake siku zote ni kikubwa, nani atajua leo kimeongezeka kama kipimo cha mwezi jana hakijaandikwa?

Uzito uandikwe kwa penseli pamoja na tarehe, ufutwe na kuandikwa upya kila mnapopima, kwa sababu karibu kila dawa ya dharura ya mtoto hupigiwa hesabu kwa kilo. Dawa ziandikwe kwa miligramu na kwa mililita, zote mbili. "Kijiko kimoja cha parasetamoli" hakina maana: chupa ya kawaida ya watoto mara nyingi ina miligramu 120 kwa kila mililita 5, ilhali ya matone inaweza kuwa na miligramu 100 kwa kila mililita 1. Ni zaidi ya mara nne. Na kama mnasaga vidonge vya moyo na kuvichanganya na maji, andikeni kidonge cha miligramu ngapi kinaingia kwenye maji kiasi gani.

Nakala moja ikae ndani ya kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, moja nyuma ya mlango, na picha yake iwe kwenye simu ya mama, ya baba na ya mtu wa tatu.

Hatua ya 3: Jueni dalili, zile za wote na zile za mtoto wenu

Anzeni na kumjua akiwa mzima. Akilala usingizi mzuri, mfunue kifua, washa saa ya simu, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kila kifua kinapopanda ni moja. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa kuwa mtoto mchanga hupumua kwa vipindi: haraka kidogo, pole kidogo. Fanya hivyo siku kadhaa hadi uijue namba yake.

Dalili za kukimbia papo hapo kwa mtoto yeyote mchanga ni hizi: ameacha kunyonya au hawezi tena kumeza, ana degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, au mara 50 na zaidi akiwa na miezi 2 hadi 12, mbavu za chini zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, anakoroma kwa kuugua kila anapotoa pumzi, amelegea, haamki au hasogei mpaka aguswe. Kwa aliye chini ya miezi 2, joto la kwapani likifika 37.5 au likishuka chini ya 35.5 ni dharura pia. Kubaridi kwa mtoto mchanga ni kubaya sawa na homa, na watu hulisahau hili kwa sababu hakuna anayeogopa mtoto baridi.

Kuhusu rangi: ngozi zetu ni nyeusi, kwa hiyo msitafute ubuluu usoni. Fungua mdomo utazame ulimi na fizi. Ukiona rangi ya zambarau au ya kijivu ambayo si yake ya siku zote, mnaondoka.

Sasa kwa ugonjwa wake.

Mtoto wa maji kichwani. Huku kwetu ni wengi, na sababu kubwa ni maambukizi aliyoyapata mtoto katika wiki zake za kwanza. Mbale kuna hospitali ya watoto ya CURE inayowafanyia upasuaji wa ubongo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndiko daktari Benjamin Warf alikokuza upasuaji wa kutoboa njia ya maji ndani ya ubongo kwa kamera, bila kuacha mpira mwilini. Wazazi wa watoto waliofanyiwa hivyo hudhani hakuna kitu cha kuharibika kwa kuwa hakuna mpira. Kipo. Ile njia inaweza kuziba, na ikiziba mara nyingi ni ndani ya miezi 6 ya kwanza. Kwa hiyo mwenye mpira na asiye na mpira, dalili ni zilezile: kutapika mara kwa mara, kulia kwa namna isiyotulizika au kusinzia kupita kawaida, utosi uliojaa na kukaza akiwa ameketishwa na ametulia, macho yanayoangalia chini kama jua linalozama, kichwa kinachokua haraka. Mwenye mpira muongezee homa, na wekundu au uvimbe kwenye mstari wa mpira shingoni na tumboni.

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo tunapopoteza watoto. Mashariki mwa Uganda kila homa huitwa malaria. Na kweli malaria ipo tele, apimwe. Lakini kipimo cha malaria kikisoma "ipo" hakijasema kwamba mpira uko salama. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Mwambieni mhudumu waziwazi: mtoto huyu ana mpira kichwani, apewe dawa ya malaria na apelekwe mbele siku hiyohiyo. Kutapika nako husingiziwa meno ya uongo, yale yanayoitwa ebino, na kuna watu wa kukwangua fizi za mtoto kwa spoku ya baiskeli. Mtoto asifikishwe huko. Hakuna ugonjwa wa namna hiyo, na kidonda kile huleta damu kuvuja na maambukizi.

Mtoto wa moyo. Tazama jasho usoni anaponyonya, kunyonya kwa kukatizakatiza kwa kukosa pumzi, kuvimba kope na miguu, uzito kupanda ghafla. Wale wa ugonjwa wa moyo unaowafanya wawe na rangi ya buluu hupata vipindi vya kubadilika rangi ghafla, hasa wakilia au asubuhi wakiamka: mkunje magoti yafike kifuani, mkumbatie, mtulize, mpe oksijeni kama mnayo, mwende. Kuhara na kutapika kwa hawa si jambo la kungoja kesho, kwa kuwa damu yao mara nyingi ni nzito na ikikosa maji inaweza kuganda.

Mtoto mwenye tundu la kinyesi lililofunguliwa tumboni kwa upasuaji: nyama ya tundu ikiwa nyeusi au ya zambarau, au imetoka nje na hairudi, au tumbo limevimba na hakuna kinachotoka, ni dharura. Aliyezaliwa kabla ya wakati: kusimama kwa pumzi, na kubaridi. Mwenye mpira wa puani: akikohoa au kubadilika rangi wakati wa kulishwa, simamisha mara moja, na mpira ukichomoka usiurudishe kama hukufundishwa.

Hatua ya 4: Nani anaamua

Kaeni baba, mama, bibi, na yeyote anayebaki na mtoto. Mkubaliane jambo moja na kuliandika: mtu yeyote aliye na mtoto akiona dalili ya kukimbia, anaondoka naye bila kumwomba mtu ruhusa. Simu ya kumjulisha baba hupigwa njiani.

Katika nyumba zetu hili ni gumu kuliko oksijeni. Mkwe mkubwa hawezi kupitwa tu, na binti wa kazi hawezi kuchukua pesa kabatini saa nane usiku akaita gari kwa mamlaka yake. Ndiyo maana neno litoke kwa mwenye sauti nyumbani, lisikike na wote. Mzee akisema mbele ya watu, "Binti, ukiona hivi na hivi, chukua mtoto uende, mimi sitakuuliza," amelimaliza. Kama wazazi huvuka mpaka kwenda kufanya biashara Kenya, mwachieni anayebaki barua fupi ya kumruhusu kukubali matibabu, na mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, aishuhudie. Tiba ya kuokoa maisha haipaswi kungoja barua hiyo, ila itapunguza maneno mlangoni.

Mwenyekiti wa LC1, na wale wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijijini (VHT), waambieni kuwa kuna mtoto wa namna hii. Mwenyekiti ndiye anayejua nani ana gari na ndiye anayeweza kumwamsha.

Hatua ya 5: Wapi

Andikeni sehemu mbili. Ya kwanza ni kituo cha karibu kilicho na oksijeni na mtu wa zamu usiku. Msidhani, nendeni mchana mkaulize. Kituo cha daraja la 3 kinaweza kuwa hatua chache kutoka kwenu na usiku kikawa na mlinzi tu, wakati hospitali ya misheni iliyo mbele zaidi iko wazi. Ya pili ni hospitali inayomjua mtoto, au yenye wataalamu wa shida yake: kwa maji ya kichwani CURE Mbale au Mulago, kwa moyo Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyo pale Mulago, Kampala.

Kanuni ya kuchagua: kama hapumui vizuri, ana degedege isiyokatika, amezimia au anatoka damu nyingi, ni kituo cha karibu kwanza, atulizwe, kisha asafirishwe. Kama anapumua na ana fahamu lakini dalili ni za ugonjwa wake mkuu, nendeni moja kwa moja kwenye hospitali yake mkiwa mmepiga simu mbele, hata kama ni mbali kidogo. Mkiwa mbali sana, pitieni ya karibu wawape rufaa na dozi ya kwanza ya dawa.

Duka la dawa halimo kwenye orodha hii.

Hatua ya 6: Gari na pesa

Namba tatu za madereva, si moja. Mmoja wa gari, mmoja wa gari la pili, na mmoja wa boda anayelala karibu. Zungumza nao ana kwa ana, waonyeshe nyumba, mkubaliane bei ya usiku mapema. Jibu linaloua usiku ni lile la "mama, nipo, lakini gari halina mafuta." Basi wekeni pesa ya mafuta pembeni, noti mkononi, kwa kuwa usiku wakala wa pesa za simu amelala. Muulize pia mkuu wa kituo cha afya namba ya gari la wagonjwa la wilaya na linapatikana saa ngapi.

Boda si ya kudharau, kijijini ndiyo inayofika. Ila mtungi wa oksijeni usipandishwe kwenye boda. Na mtoto abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, uso pembeni, pua na mdomo vikionekana. Nimeona watoto wakifika wamefunikwa blanketi hadi kichwani kwa ajili ya baridi, na hakuna aliyejua ni wapi njiani walipoacha kupumua. Anayembeba asiwe ndiye anayeongea na simu. Kama ananyonya na anaweza kumeza, anyonyeshwe njiani.

Huduma kwenye vituo vya serikali ni bure tangu 2001, isipokuwa upande wa kulipia, lakini anayejua hali halisi anajua kwamba glovu, kanula au dawa vinaweza kuwa vimeisha na ukatumwa kununua nje. Wekeni pesa ya hilo kando na ya mafuta, kila moja kwenye bahasha yake. Ikitumika, irudishwe wiki hiyohiyo.

Hatua ya 7: Mfuko

Mfuko mmoja, rangi inayoonekana, umetundikwa msumarini karibu na mlango na hauguswi kwa jambo lingine. Ndani: nakala ya karatasi, dawa za siku 3 zilizoandikwa majina, kipima joto, bomba la sindano la kulishia, nepi na leso mbili, kofia na soksi, chaja, tochi, glovu, na vifaa vyake maalumu. Mwenye tundu la kupumulia shingoni anahitaji bomba la akiba la saizi yake na lingine dogo zaidi kidogo, kamba za kufungia, mkasi, na kifaa cha kunyonya makohozi kinachofanya kazi bila umeme.

Wa oksijeni nawatengea maneno yao. Mashine ya oksijeni ya lita 5 hula takriban wati 300 hadi 400, na sola ya taa tatu haiwezi kuiendesha. Umeme ukikatika lazima pawe na mtungi. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya lita zilizomo kwa lita zinazotoka kila dakika. Mtungi wenye lita 680, mtoto akitumia nusu lita kwa dakika, kwa hesabu unakwenda dakika 1,360, yaani zaidi ya saa 22. Punguza robo kwa ajili ya usalama, andika juu ya mtungi kwa kalamu nene "saa 17". Kila Jumatatu soma geji. Mtungi ufungwe usianguke, ukae mbali na sigiri, mshumaa, koroboi na sigara, na usimpake mtoto mafuta ya mgando usoni. Pakeni krimu ya asili ya maji, isiyo ya mafuta, aliyoiruhusu nesi.

Hatua ya 8: Dakika za kwanza, kabla gari halijafika

Hakuna maandishi yanayochukua nafasi ya mafunzo ya wodini. Haya ni ya kukumbusha aliyefundishwa.

Akiwa na degedege: gari liitwe papo hapo, mlaze ubavu, angalia saa, usiweke kitu mdomoni, si kijiko, si kidole, si maji. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, mpe dawa ya kuwekwa njia ya haja kubwa kama mliandikiwa, kwa kipimo kilichoandikwa, na ondokeni. Kama hamkuandikiwa, ondokeni tu.

Akisimamisha pumzi: msugue nyayo na mgongo. Asipoitikia, mlaze chali mahali pagumu, kichwa kiwe sawa, kisirudishwe nyuma sana. Funika pua na mdomo wake kwa mdomo wako, puliza pumzi ndogo 2 huku ukiona kifua kikipanda. Kisha zungusha mikono yako kifuani, vidole gumba viwili katikati, chini kidogo ya mstari wa chuchu, bonyeza mara 30 kwa kina cha theluthi ya kifua, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, rudi kwenye pumzi 2. Endelea hadi aanze kupumua au upokewe kazi. Kama mko wawili mmoja anafanya, mwingine anapiga simu.

Akipaliwa na hawezi kulia wala kukohoa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mpige kwa kisigino cha mkono katikati ya mabega mara 5. Mgeuze, msukume kifuani mara 5. Rudia. Usiingize kidole kutafuta usichokiona.

Hatua ya 9: Fanyeni jaribio

Chagueni alasiri moja. Mpe shangazi mtoto, keti pembeni, mwambie, "Mtoto amekakamaa, macho yamegeuka. Fanya." Kisha nyamaza, usimsaidie. Utaona mambo ambayo karatasi haiyasemi. Simu haina salio. Geti la nyumba za kupanga hufungwa kwa kufuli saa nne usiku na ufunguo analala nao mwenye nyumba. Namba ya dereva imeandikwa kwenye simu ya baba, na baba yuko kazini. Karatasi nyuma ya mlango iko juu kiasi kwamba binti hafikii. Kila kilichokwama kirekebishwe siku hiyo, na jaribio lirudiwe kila anapokuja mtu mpya wa kukaa na mtoto.

Hatua ya 10: Mlangoni mwa hospitali, na baada ya kurudi

Foleni ya hospitali kubwa inaweza kuwa ndefu. Usikae kwenye benchi kimya. Nenda kwa nesi wa mapokezi ukiwa na karatasi mkononi na useme mambo matatu kwa mpangilio: "Mwanangu ana mpira wa maji kichwani. Amesinzia tangu saa moja, ametapika mara nne. Karatasi ya daktari wake hii hapa." Historia ndefu ya mimba na kijiji itasubiri. Mambo yakikawia, omba kwa heshima aonwe mkubwa wa zamu, na piga simu ya wodi inayomjua mtoto umpe simu nesi aliye mbele yako waongee wao kwa wao. Wataalamu wakiongea, mambo huenda.

Zungumzia mabadiliko uliyoyaona, hata kama huna jina lake. "Leo si yeye" ni taarifa, na daktari mwenye akili ataiheshimu ikitoka kwa mama aliyemlea miezi minne.

Mkirudi nyumbani, kabla ya wageni kuja kuwapa pole, jazeni mfuko tena, rudisheni pesa ya mafuta au angalau mseme itarudishwa lini na nani, badilisheni uzito na dawa mpya kwenye karatasi, na picha za zamani zifutwe kwenye simu zote tatu ili dozi ya mwezi uliopita isije ikatumika. Dereva mpigieni mumshukuru na kumuuliza kama namba yake bado ni ileile.